Sauti Moja Gizani

Leo asubuhi nilikuwa nasugua matope kwenye viti vya plastiki vya mjomba Yussuph. Mjomba ana kibanda umiza hapa Bagamoyo, hii ya kwetu ya milimani, siyo ile ya pwani, watu wanakuja kuangalia mpira kwenye tivii yake, na wanaume wa kiwanda cha chai wanaingia na gambuti utadhani wametumwa kuhamisha shamba lote. Nasugua huku nawaza jambo moja tu: orodha ya timu ya shule inafungwa leo usiku.

Shukrani ndiye kapteni wetu wa kikapu shuleni. Jumamosi tunacheza na wasichana wa Kisiba, na nafasi iliyobaki ni ya mtu wa kupeleka mpira na kuwapanga wenzake. Kupeleka naweza. Kuwapanga ndio shida. Jana aliniambia mbele ya wote, "Naima, mikono unayo, mdomo umeuacha kwenu. Uwanjani umetulia kama bi harusi." Wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Mchana kibanda kikajaa. Ligi zimepumzika, halafu mvua ya juzi imegeuza dishi, kinachoonekana ni kikapu tu, mashindano ya timu za taifa za Asia. Lebanoni na Ufilipino. Hakuna aliyemjua hata mchezaji mmoja, lakini watu washagawana.

"Lebanoni Waislamu wenzetu," mjomba akatangaza. "Wa msikitini huku!"

Wa chai wakahamia upande wa pili, maana mkubwa wao, Mzee Anyitike, kasikia Wafilipino wanasali Jumapili. Shukrani alikaa nao mbele, pembeni ya baba yake.

Basi Mlebanoni mmoja akachezewa rafu, akapewa mitupo ya bure. Kabla hajarusha, akafanya ishara ya msalaba.

"Yussuph," Mzee Anyitike akaita, "mtu wako kabatizwa!"

"Anajikuna," mjomba akajibu.

"Gwe! Anajikuna paji la uso, kifua na mabega yote mawili, kwa mpangilio?"

"Joto la huko unalijua wewe?"

Kibanda kikalipuka. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimekalia kreti la soda, macho kwa Mfilipino mmoja mfupi kama mimi. Yeye ndiye anawapanga wenzake. Kwa kelele zile nilijua hakuna atakayenisikia, nikaanza kumsaidia kuwapanga. Mwanzo polepole. Halafu mwenzake akabaki peke yake kwenye kona, na yeye hamuoni, hamuoni! Nikapanda juu ya kreti.

Umeme ukakatika.

Tivii kimya, watu kimya, madirisha yamezibwa magunia. Gizani ikabaki sauti moja:

"PASI KONA, WE MBUZI!"

"Nani huyo?" Mzee Anyitike akauliza.

"Mtoto wa dada yangu," mjomba akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Shukrani akawasha tochi ya simu, akanimulika usoni. Nikaomba umeme usirudi mpaka nimalize shule.

"Kumbe mdomo unao!" akasema. "Ila kocha, mwalimu Ambwene, hataniamini. Jirekodi hivyohivyo unitumie, nimsikilizishe kabla hajafunga orodha. Na usininong'oneze!"

Baada ya magharibi nikajificha nyuma ya migomba, simu mdomoni. Nikarekodi, ikatoka pumzi. Nikarudia, pumzi tena. Mwisho nikafumba macho, nikamuwaza yule mfupi wangu, nikaachia: "Pasi kona, we mbuzi!"

Bibi Esnath, jirani yetu, akaitika toka jikoni kwake, "Mbuzi nani, Naima?"

Nikatuma hivyohivyo, na Bibi Esnath yumo.

Tiki zikageuka bluu. Nikasubiri. Nimekula, nimeosha vyombo, wote wamelala, naandika haya chini ya blanketi na simu iko tumboni isije ikalia nisisikie. Shukrani kaonekana yupo hewani, kapotea, karudi, kapotea tena. Sasa hivi nimemwandikia, "Nije na raba zangu?"

Tiki mbili. Za bluu. Raba nimeshaziweka mlangoni.