Sindano Ziendelee

Jumanne, saa mbili kasoro robo asubuhi, Fundi alikuwa anabandua zipu iliyoharibika kwenye sketi ya sare ya shule, wembe mkononi na pini tatu mdomoni, mama yake alipoingia dukani akitokea makaburini. Alikuwa amezikwa siku kumi na moja zilizopita. Alivaa gauni la buluu alilozikwa nalo, na pindo lilikuwa na udongo kidogo. Aliukung'uta mlangoni, kwa sababu tangu zamani hakupenda kuwaingilia watu na uchafu.

"Kadi yangu ya hospitali iko wapi?"

Fundi alitemea pini kiganjani. "Kwenye droo, mama."

"Ilete. Leo Jumanne."

Kadi ilipoletwa, mama alipapasa ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akamtazama binti yake kwa jicho lile lile alilokuwa akimtazama nalo pindo likienda upande.

"Fundi mzima wewe. Gauni gani hili halina mfuko?"

"Sikudhani utatoka, mama."

"Ndio ubaya wa kudhani. Haya, ishike wewe."

Alikuwa ameandikiwa siku kumi na mbili za kuchomwa sindano, Jumanne na Ijumaa. Alipofariki alikuwa amechomwa saba. Zilibaki tano, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu. Hata uji ukiungua aliumaliza, akisema kosa si la uji. Fundi alifunika cherehani kwa kitambaa, akafunga duka.

Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Katika wiki zake za mwisho mama aliutembea kwa dakika hamsini, mkono begani mwa Fundi, kwa kuwa damu iliganda kwenye mguu wa kushoto na mguu ukavimba kama mto wa kulalia. Sasa alitangulia mbele.

"Polepole, mama."

"Wewe ndiye mzima. Kaza mwendo."

Juu ya mlango wa idara waliyokwenda paliandikwa kwa rangi ya kijani: TIBA MBILI, MGONJWA MMOJA. Ndani mlikuwa na ukumbi mwembamba wenye milango miwili inayotazamana. Mlango wa kushoto ulikuwa wa daktari wa vidonge, mashine na maabara. Wagonjwa walimwita Daktari Vipimo. Mlango wa kulia ulikuwa wa daktari aliyesomea tiba ya Kichina miaka saba, mwenye sindano nyembamba kama unywele na makabati ya mizizi ya kuchemsha. Yeye walimwita Daktari Mapigo, maana kabla ya kuuliza neno lolote alikushika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu. Harufu ya spiriti ilitoka kushoto, harufu ya mizizi ilitoka kulia, zikakutana juu ya benchi la katikati walipokaa wagonjwa. Fahali wawili, wanasema, hawakai zizi moja. Hawa walikaa, na kwa adabu kubwa. Kila asubuhi walipeana mikono ukumbini, wakaulizana habari za watoto, kila mmoja akaingia kwake na kufunga mlango.

Kilichowaunganisha ni kadi. Ilikuwa karatasi ngumu iliyokunjwa katikati. Daktari Vipimo aliandika upande wa kushoto, Daktari Mapigo upande wa kulia.

Karani wa mapokezi aliitazama kadi, akalitazama gauni, akafungua daftari la miadi.

"Pole na msiba," alimwambia Fundi. Kisha akamgeukia mama. "Shikamoo. Umekosa siku tatu."

"Marahaba. Nilikuwa kaburini."

"Basi nitaandika udhuru."

Alieleza kwamba mafaili ya marehemu hukaa kabati la chini kabisa na mgongo wake una matatizo, lakini kwa siku mbili kwa wiki angejitahidi kuinama.

Daktari Mapigo alimlaza mama kitandani, akaweka vidole vitatu, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Yapo," alisema. "Yamezama sana, kama ndoo iliyoangukia kisimani. Lakini yapo."

Alimchoma sindano tano mguuni, mbili mkononi na moja utosini. Baada ya nusu saa alizichomoa. Zilikuwa na joto, na moja ilikuwa na chembe ya udongo kwenye ncha. Aliifuta kwa pamba.

Kwa Daktari Vipimo mama alibanwa kidole kwa kibanio, na mashine ikachora mstari ulionyooka. Daktari aliigonga mashine, akakijaribu kibanio kwenye kidole chake mwenyewe. Ilifanya kazi. Akakirudisha kwenye kidole cha mama.

"Hayapo," alisema kwa upole. "Unachomwa sindano?"

"Nachomwa, daktari. Sasa hivi nimetoka kuchomwa."

"Vizuri." Akaandika, akampa Fundi kadi.

Enzi za uhai wake mama aliweka kadi mfukoni, na Fundi hakuwahi kuifungua. Sasa, kwa kuwa mfuko haukuwepo, alikaa nayo kwenye benchi mama akizungumza na watu, na akaisoma kama mtu asomavyo gazeti la kufungia maandazi.

Ingizo la kwanza lilikuwa la siku mama alipotoka wodini. Kushoto: *Damu imeganda mguuni. Amechomwa sindano za kuzuia damu isigande. Zikiisha, aanze vidonge.* Kulia, siku ile ile: *Sindano, Jumanne na Ijumaa.* Wiki iliyofuata, kushoto: *Sindano zinaendelea. Vidonge visubiri.* Kulia: *Daktari mwenzangu ameafiki sindano. Ziendelee.* Kushoto: *Zinaendelea. Visubiri.* Kulia: *Ziendelee.* Walikwenda hivyo, kushoto na kulia, kama watu wawili wanaopishana mlangoni na kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia, mpaka asubuhi ile damu iliyoganda ilipoondoka mguuni, ikapanda kifuani, na mama akaanguka akiwa na ufagio mkononi. Chini kabisa paliandikwa, kwa wino ambao haujakauka vizuri: *Mapigo: hayapo. Sindano zinaendelea. Vidonge visubiri.*

Fundi aliisoma mara mbili. Dukani kwake, mteja akimwomba sindano, humuuliza: ya mkono au ya cherehani? Akisema ya cherehani, humuuliza namba. Ni swali la kwanza alilofundishwa katika ushonaji, na aliyemfundisha ni mama yake.

"Mama," alisema, "ulimwambia ni sindano gani?"

"Aliniuliza kama nachomwa. Nachomwa. Mimi nilijibu nilichoulizwa."

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Huyu aliulizwa, tena kila wiki, na jibu lake lilikuwa la kweli kila wiki.

Ijumaa Fundi alimwuliza Daktari Vipimo. Alikuwa mtu mwema. Alivua miwani, akaisoma kadi yote kuanzia juu. "Mimi nilisoma sindano," alisema. "Sindano ni sindano." Alimwuliza na Daktari Mapigo. Huyo aliitazama mikono yake. "Mimi niliandika sindano," alisema. "Ndizo nilizochoma." Wote wawili walikubali kwamba neno lile lina kasoro, na kwamba litapelekwa kwenye kikao cha pamoja cha idara. Kikao cha pamoja kilikuwa kimoja kwa mwaka, nacho kilikuwa kimepita mwezi jana.

Katika siku hizo hizo Fundi alipata kujuana na Mama Fimbo.

Mama Fimbo alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Alitembelea mkongojo, na mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba. Alikaa kwenye benchi karibu na mama, na wakapatana siku ya kwanza.

"Huko ni mbali?" aliuliza.

"Wala. Dakika ishirini na tano, usipokuwa na mguu mbaya."

"Na kuna kelele?"

"Kimya. Utadhani darasani siku ya mtihani."

"Hapo nitapapenda." Akalishika gauni la mama kwa vidole viwili, akaukagua mshono. "Zuri. Kashona nani?"

"Huyu binti. Ila hakuweka mfuko."

"Na mimi atanishonea. Unasikia, mwanangu?"

Fundi alisikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye kadi iliyo mapajani mwa Mama Fimbo. Aliiomba. Kushoto: *Sindano zinaendelea. Vidonge visubiri.* Kulia: *Ziendelee.* Mama Fimbo alikuwa amechomwa siku ya nne.

Tangu hapo Fundi alitaka jambo moja tu, Mama Fimbo apewe vidonge vyake.

"Mwalimu," alimwambia, "ukiingia kwa Vipimo, mwambie sindano unazochomwa ni zile nyembamba za mlango wa pili. Si za kuzuia damu. Mwambie hivyo hivyo."

"Nitamwambia."

Aliingia, akatoka.

"Umemwambia?"

"Aliniuliza kama nachomwa. Ningemjibuje, mwanangu, nidanganye? Kisha akaniuliza habari za wajukuu, mambo yakaishia huko."

Mama alitikisa kichwa. "Na mimi ilikuwa hivyo hivyo. Ana maswali mazuri ya wajukuu, yule."

Jumanne Fundi aligonga mlango wa kushoto mwenyewe, akaeleza. Daktari Vipimo alimsikiliza, kalamu mkononi.

"Wewe ni nani wake?"

"Si ndugu yangu. Tunakaa benchi moja."

"Basi unisamehe. Habari za mgonjwa hatuzizungumzi na mtu baki. Ni kwa faida ya mgonjwa."

Ijumaa Fundi alikwenda na kalamu nyekundu. Mama Fimbo alimpa kadi bila kusita, na Fundi akaandika katikati, juu ya mkunjo, kwa herufi kubwa: SINDANO HIZI NI ZA TIBA YA KICHINA. ZA DAMU ZILIISHIA WODINI. HAJAPEWA VIDONGE. Mama alichungulia begani kwake, akasema herufi zimelala upande. Kisha Mama Fimbo akaipeleka kadi kwa karani ili agongewe muhuri wa kuingia.

Karani aliitazama kwa huzuni ya kweli.

"Kadi ya hospitali haichorwi, Mwalimu. Hii imeharibika."

Akachukua kadi mpya. Akanakili upande wa kushoto, akanakili upande wa kulia, tarehe kwa tarehe, bila kuruka hata nukta, kwa mwandiko uliokuwa mzuri kuliko wa madaktari wote wawili. Wino mwekundu aliuacha, kwa sababu haukuwa wa kushoto wala wa kulia. Kadi ya zamani aliichana vipande vinne, akavitia kwenye ndoo.

"Sasa inasomeka," alisema.

Ilisomeka kweli. Daktari Vipimo aliisoma haraka, akaandika.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya kumi na mbili ya mama. Mama Fimbo hakuwepo kwenye benchi. Alikuwa ameenda kupimwa macho, alisema karani, kwenye jengo lingine. Daktari Mapigo alishika kifundo cha mkono cha mama, safari hii akakiachia mapema.

"Yametulia," alisema.

Alipochomoa sindano ya mwisho haikuwa na joto wala udongo. Aliifuta hata hivyo. Alimsindikiza mama mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na akamshika Fundi bega. Ng'ambo, Daktari Vipimo aliandika: *Mapigo: hayapo. Sindano zimeisha. Aanze vidonge.* Mama alipanga foleni kwenye dirisha la dawa, akapewa pakiti moja na kuelezwa kwamba ameze baada ya chakula. Karani akagonga muhuri: AMEMALIZA MATIBABU. Akainama taratibu, mkono kiunoni, akarudisha faili kwenye kabati la chini.

Nje, mama alimkabidhi Fundi pakiti na kadi. "Kaa navyo wewe. Sina pa kuviweka."

"Nikutie mfuko, mama. Ni dakika kumi tu."

"Wa nini sasa?"

Walitembea pamoja mpaka njia panda ya makaburini. Mama alimrekebisha kola, akamwambia ile zipu ya sketi aishone kwa mshono mara mbili, maana mtoto wa shule hana simile na zipu. Kisha akashika njia yake, mwendo wa mtu mwenye miguu mizima. Fundi alisimama mpaka gauni la buluu lilipopinda kona. Akarudi dukani, akashona zipu kwa mshono mara mbili.

Baada ya siku tisa mtoto wa Mama Fimbo alikuja dukani. Alikuwa mwanamume mzima, mwenye vitambaa viwili vya kahawia chini ya kwapa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama alisema likitokea lolote, ni wewe umshonee."

"Pole, kaka. Lini?"

"Jana asubuhi. Alikuwa anamwagilia maua. Wanasema ni damu, ilipanda kifuani."

Fundi alipokea vitambaa, akakitandaza kimoja mezani. Vipimo vya mwili hakuhitaji. Alikaa naye benchi moja wiki mbili. Alichora mgongo, akachora mikono. Kisha akafungua droo, akaitoa kadi ya mama yake, akailaza kwenye kitambaa na kuizungushia chaki pande zote nne, akiacha nafasi ya mshono.

"Hiyo ni nini?" aliuliza yule mwanamume.

"Mfuko."

"Mfuko wa nini?"

"Wa kadi."

Yule mwanamume aliitikia kwa kichwa. "Alitumia mkono wa kulia."

"Basi nitauweka kulia. Alikuwa amebakiza sindano ngapi?"

"Tatu."

"Nitautia na kifungo," alisema Fundi, akachagua sindano ya mkono, namba saba, akatunga uzi.