Mtandio Juu ya Kompyuta

Pale kwenye Chumba cha Kuandika cha chuo, nyuma ya maktaba, palikuwa na msaidizi ambaye wanafunzi walimwita Bingwa, na jina hilo hakulipata bure. Ukimpelekea insha iliyokwenda kombo, wala hakuambii kwamba imekwenda kombo. Anakuketisha, anakwambia uisome kwa sauti, na ukifika pale ulipojikanyaga, unasikia mwenyewe. Halafu anakuuliza swali lake moja: "Ulitaka kusema nini hapa?" Ukishamjibu, anasema, "Basi andika hivyohivyo." Kalamu yako haigusi. Hiyo ndiyo sheria ya chumba kile: msaidizi ni mwanafunzi kama wewe, na kazi ni yako.

Sasa ajabu yenyewe ni hii. Bingwa huyohuyo, aliyekuwa mwaka wa mwisho, hakuwa na hata mstari mmoja wa sura ya nne ya tasnifu yake.

Utafiti alishaumaliza zamani. Alizunguka kliniki akiwauliza wagonjwa wa shinikizo la damu kwa nini wanaacha dawa, wakamweleza mpaka mkono ukafa ganzi kwa kunakili. Majibu alikuwa nayo tele. Ila kila akiandika sentensi, yule msaidizi aliyemo kichwani mwake anaibuka na maswali: neno hili la nini, hapa umethibitisha vipi, msomaji ataelewa kweli? Anafuta. Anaandika tena, anafuta tena. Siku nzima inakwisha na faili lina kichwa cha sura tu, nacho amekibadilisha mara chungu nzima.

Msimamizi wake, mama mmoja asiye na maneno mengi, alikuwa amemwambia waziwazi: "Ijumaa mchana niwe nayo mezani. Isipofika, utahitimu na wenzako wa mwakani." Hata hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia Bingwa baridi.

Nyumbani nako mama yake alishanunua kitambaa cha gauni atakalovaa yeye mama siku ya mahafali. Kila akipiga simu, swali ni lilelile.

"Fundi anauliza, akate?"

"Mwambie asubiri kidogo, mama."

"Asubiri nini tena? Mahafali yameahirishwa?"

"Hapana, tarehe tu haijakaa sawa."

Uongo mtupu. Tarehe ilikuwa imebandikwa mpaka kwenye milango ya vyoo. Akikata simu alibaki anajichukia, kwa sababu mama yake si mtu wa kudanganywa, na yeye si mtu wa kudanganya.

Utauliza, kwa nini asiombe msaada na chumba cha msaada anacho? Aibu, ndugu yangu. Wasaidizi wote wa pale yeye ndiye aliyewafundisha kazi. Angeanzaje kukaa mbele yao kama mgeni?

Jumatano asubuhi aliwahi kabla watu hawajaanza kuingia, akajibanza kwenye meza ya pembeni, karibu na mashine ya fotokopi. Zamu ilikuwa ya Mama Pacha. Huyu alirudi chuoni baada ya kuzaa mapacha wake, na mwaka uliotangulia alikuwa akilia kwenye chumba kilekile, akiapa kwamba insha na yeye basi. Bingwa ndiye aliyemnyanyua. Sasa alikuwa msaidizi naye, tena mkali.

Alipanga viti, akafuta meza, huku akimtupia mwenzake jicho. Kisha akasogea.

"Mdogo wangu, unaandika nini?"

"Mambo yangu tu, dada."

"Mbona tangu nimeingia kidole chako hakijabanduka kwenye kitufe kimoja?"

"Kitufe gani?"

"Cha kufutia."

Bingwa alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Basi akamwaga yote: sura, Ijumaa, gauni, uongo. Mama Pacha hakumpa pole hata moja. Alivuta kiti cha upande wa pili, kile wanachokalia wenye shida zao, akakipigapiga.

"Hamia huku. Soma kwa sauti."

"Hakuna cha kusoma, dada."

"Basi sema. Ulitaka kusema nini?"

Swali lake mwenyewe hilo, na hakuwahi kujua lina uzito kiasi hicho. Akaanza kueleza habari za bibi mmoja wa kliniki, aliyemwambia huku akitabasamu kwamba dawa ni ya mgonjwa, na yeye alikwishapona, sasa ainywe ya nini? Wengine nao walisema hayohayo, kila mmoja kwa namna yake. Siku wanayojisikia wazima, ndiyo siku wanayoiweka dawa juu ya kabati.

"Watu wanadhani wagonjwa wanasahau," alisema Bingwa. "Hawasahau. Wanaacha kwa furaha."

"Basi andika hivyohivyo."

Akaandika. Sentensi ya kwanza ikaingia, ya pili ikafika nusu, na kidole kikaanza kurudi kulekule kwa mazoea. Mama Pacha alivua mtandio wake, akaufunika juu ya kioo cha kompyuta, mpaka ikawa haionekani herufi hata moja.

"Dada, sheria inasema usiguse kazi ya mtu."

"Sijaigusa. Nimeifunika. Endelea."

Akaendelea. Mwanzoni alipapasa kama mtu aliyezimikiwa taa, lakini ukiwa huoni ulichoandika, utafuta nini? Maneno yakaanza kutoka jinsi alivyokuwa ameyasikia kliniki, yakifuatana yenyewe. Wanafunzi waliingia, wakaketi, wakanong'onezana kuhusu Bingwa na mtandio wake. Hakujali. Mama Pacha alihudumia wengine, na kila akipita alimgusa begani.

Walipoufunua mtandio jioni, lo, makosa yalijaa kila mstari. Kulikuwa na maneno yasiyosomeka kabisa. Bingwa alicheka mpaka akashika meza. Lakini sura ilikuwamo mle ndani, nzima, na makosa ni kitu anachokijua. Kuyaondoa ilikuwa kazi ya siku moja tu.

Ijumaa msimamizi aliisoma palepale, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, mwenye kazi amesimama mbele yake.

"Hili la kuacha kwa furaha umelitoa wapi?"

"Kwao wenyewe."

"Lipandishe juu kabisa, lisijifiche katikati." Akafunua ukurasa mwingine, kisha akaziweka karatasi chini. "Nitalipeleka jina lako kwenye orodha ya wanaohitimu."

Bingwa alishuka ngazi mbilimbili. Alikaa kwenye ngazi ya mwisho, akapiga simu nyumbani.

"Mama, mwambie fundi akate."

"Akate nini? Alishakata zamani, mwanangu. Na vifungo ameshatia."

"Si kila siku ulikuwa unaniuliza?"

"Nilikuwa nakutega, labda utasema kinachokusumbua. Hukusema, nikamwambia fundi ashone tu. Nikajisemea, kama si mwaka huu, nitalivaa mwakani, ilimradi nisinenepe."

Bingwa aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akamweleza mama yake kila kitu, tangu mwanzo.

"Basi usinenepe, mama," alisema mwishowe. "Ni mwezi ujao."