Tumepokea, Mama, Tulia

Idriss wa Murara hakuwahi kumpa mtu habari mbaya moja kwa moja. Babu yake alipofariki, aliwapigia ndugu wa mji wa Kiwanja akawaambia mzee anaumwa kidogo, waje haraka. Ndivyo afanyavyo kila mwenye adabu. Ila Idriss adabu hiyo aliitia hadi kwenye kompyuta.

Volkano ilipolipuka na watu wa Goma kuamriwa kuhama, wengi walimiminikia mji wa Sake, na watoto wakapotea njiani. Idriss, naye akiwa huko, akaandika kwa Python, lugha ya kompyuta, tovuti ya kuwaunganisha na wazazi wao. Kazi nzuri, Mungu amlipe. Lakini aliona vibaya mama anayelia aambiwe seva imekwama. Basi akaiagiza programu: likitokea kosa lolote, limeze, kisha ujibu, "Tumepokea, mama, tulia."

Mama Perpétue, aliyewahi kuwakimbia waasi kule Masisi, aliazima simu ya jirani akamwandikisha mwanawe aliyepotea. Akatulia, akatulia tena, mpaka utulivu ukamwishia, akaja mwenyewe kwa Idriss.

"Mutoto wangu Bénita iko wapi? Kila siku munasema mumepokea!"

Sumaya, dada mdogo wa Idriss, hana ulimi wa kupoza mambo. Alimtafuta Bénita kwenye orodha, hayupo. Akaifungua programu, akaisoma, akamgeukia kaka yake, ambaye kwa heshima humwita Yaya.

"Yaya, seva inaanguka, weye unatuambia inaumwa kidogo!"

Akaifuta ile amri, mama akajaribu upya. Safari hii ukurasa ulisema wazi: "Kosa 500. Jina halijaandikwa. Kosa ni letu." Na kumbukumbu za seva zikaonyesha sababu. Simu ya Perpétue iliungua pamoja na nyumba, kwa hiyo aliacha wazi nafasi ya namba, na programu ilianguka kila ilipokuta nafasi hiyo tupu. Idriss aliona haya kwelikweli. Waliopoteza kila kitu ndio hasa ambao hawakuandikwa.

Akarekebisha. Jina likaingia, na papo hapo likakutana na la mtoto aliyeokotwa na kuandikishwa na familia moja ya mtaa wa Lac Vert. Idriss akawapigia, akasikiliza, kisha akamgeukia mama kwa sauti ya upole.

"Mama Perpétue, kaa kwanza."

Mama akaanguka chini akipiga yowe la msiba.

"Yaya!" Sumaya akamnyang'anya simu, akaibandika kwenye sikio la mama.

"Unalilia nini, mama?" Bénita akauliza. "Kuya unichukue, huku banakula maharagi tu."