Ejo Ipi?

Mwaka ule Warundi walipokuwa wakishuka kwenye maboti kila siku, ghala la unga katika kituo cha kupokea wakimbizi, ufukweni nje kidogo ya mji wa Kigoma, lilifungwa kwa kufuli mbili. Ufunguo mmoja nilikuwa nao mimi, nimeufunga kwenye pindo la kanga pamoja na rozari. Wa pili alikuwa nao mzee Leodgar wa Kalinzi, mtunza ghala. Hakuna aliyeweza kufungua peke yake. Ndivyo alivyotaka Meshack, msimamizi wetu mpya, kijana aliyetoka Singida.

"Shikamoo, Mama Leonia," aliniambia siku aliponikabidhi. "Ufunguo huu si wa kuazimana. Na wewe na mzee Leodgar msizoeane sana. Mkizoeana, kufuli mbili zinakuwa moja."

Juu ya hapo akaweka utaratibu wa taarifa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, anatuita ofisini mmoja mmoja, Leodgar, mimi, na Ildephonse mlinzi, ambaye naye alikuwa mkimbizi wa Kirundi. Anakuuliza umeona nini kwa wenzako. Ukitoka, marufuku kusimulia.

Sikatai, kabla yake unga ulikuwa ukipungua, na kufuli zilipowekwa haukupungua tena. Lakini tuliishi kama kuku waliokwisha kuona mwewe. Leodgar akikohoa, namtazama. Nikikawia msalani, ananitazama. Zamani tulikuwa tukichangia muhogo wa kuchemsha mlangoni pa ghala. Sasa kila mtu alimega wake amegeukia ukuta.

Asubuhi moja nikakuta foleni imefika hadi majini, na Meshack amesimama mlangoni na ufunguo wa Leodgar mkononi. Leodgar mwenyewe ameketi juu ya jiwe, kofia magotini.

"Shikamoo, mama," akasema Meshack. Hata siku hiyo hakuisahau. "Naomba na wako."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Jana mzee alifungua ghala mapema, wewe hujui. Ana ufunguo mwingine wa kufuli yako, sijui kaupata wapi. Mchana gari la mkubwa linakuja, litamrudisha kwao Kalinzi. Kazi yake imekwisha. Mpaka lije, hapafunguliwi."

"Nani kasema?"

"Hilo halisemwi, mama. Ndio utaratibu."

Nikafungua pindo, nikampa. Kisha nikamwendea Leodgar.

"Mzee, ulifungua?"

"Na wewe unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Sikufungua."

Kufuli yangu jana niliikuta kama nilivyoiacha, lakini kufuli haisemi. Nikabaki nimesimama kati yake na foleni, nikipitisha shanga za rozari bila kujua nimefika fumbo gani.

Jua likapanda. Watoto wakaanza kulia. Watu wakawa wanasogea mbele, wanarudishwa, wanasogea tena. Candide, mama mmoja aliyefika juzi akiwa na mtoto mgongoni, akamfuata Ildephonse aliyekuwa akiwazuia kwa fimbo.

"Mlinzi, unga tutapata lini?"

"Sijui mimi. Labda ejo."

"Ejo ipi? Ile niliyolala njaa, au ile nitakayolala njaa?"

Foleni ikacheka. Mzee mmoja nyuma akadakia, "Ejo ya mlinzi ni kama fimbo yake, huku kichwa na huku kichwa."

Meshack hakucheka. "Mnacheka nini?"

"Bwana, kwetu jana ni ejo, na kesho ni ejo," Candide akamjibu. "Huyu hajaniambia ni ipi."

"Ejo ni jana. Nilifundishwa hivyo nilipofika."

"Ulifundishwa nusu," akasema Leodgar palepale alipoketi. "Hata sisi Waha ndivyo tusemavyo. Mtu husikiliza maneno yanayoandamana nalo, anajua tu."

Meshack akageuka. Akamtazama Ildephonse, akatutazama sisi, kama mtu anayetafuta pa kuweka mguu kwenye tope. Halafu akafanya alichokuwa ametukataza wote.

"Ildephonse, rudia ulichoniambia asubuhi."

"Mbele ya watu? Umekataza."

"Rudia."

Ildephonse akashusha fimbo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. "Nilisema, Leodgar kufungua ghala ejo, mapema sana. Mama hajui."

"Ejo ipi?"

"Inayokuja. Magunia ya chini kulowa. Ananiambia leo, fagia hapa, ejo tunaanika. Mama alikuwa hajafika, basi hajui."

"Nilikuwa namngoja nimwambie," akasema Leodgar. "Ukanipokonya ufunguo kabla."

Tungekuwa tumeitwa pamoja, neno hilo lisingevuka kizingiti cha ofisi. Lakini tuliitwa mmoja mmoja.

Meshack akanirudishia ufunguo wangu kwanza. Akamwinamia Leodgar na ule mwingine. "Chukua, mzee."

"Kaa nao. Wewe ndiwe mwaminifu."

"Mzee, watu wana njaa."

Leodgar hakusogea. Nilidhani hatanyanyuka kabisa. Kisha mtoto wa Candide akalia, kile kilio kikavu kisicho na machozi, naye akavaa kofia, akauchukua ufunguo. Tukasimama mlangoni, kila mmoja na kufuli yake.

"Uliamini?" akaninong'oneza.

"Nilikuuliza."

"Ndiyo. Yeye hakuniuliza."

Tukafungua. Mgawo ukaanza, na mimi masikio yalikuwa barabarani. Mchana gari likaja. Mkubwa akateremsha kioo.

"Yuko wapi huyo wa kuchukuliwa?"

"Hayupo," Meshack akajibu. "Nilisikia vibaya."

Leodgar hakuinua kichwa. Aliendelea kupima, lakini unga ukamwagika pembeni ya kopo, na Candide akaukinga kwa kitenge chake.