Hewa ya Watu Saba

Kila asubuhi, kabla ya chai, Euphrasie alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya chuma na kupanga spana zake, kuanzia namba nane hadi ishirini na nne. Mafundi wengine wa gereji ya Papa Ramazani, kwenye barabara ya kupanda Bagira, walitupa zao zote ndani ya ndoo moja na kuzitafuta kwa kelele. Walimtania kwamba anawaandalia wageni meza. Yeye aliendelea kupanga. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache mengi yaliishia kooni.

Siku hiyo alikuwa amefikia spana ya kumi na saba gari lilipoingia likikohoa.

Lilikuwa Prado jeupe, na moshi wake ulikuwa mweusi kiasi cha kulifunika bango la gereji. Lilizimika lenyewe katikati ya uwanja. Chrispin, dereva, alishuka akafunga mlango taratibu, kama mtu aliyezoea. Alieleza kwamba gari linakunywa esansi, yaani petroli, kupita kiasi, linaikojoa kwa moshi, na likifika mlimani linakufa. Gereji mbili zilikuwa zimekwisha kutoa buji, vile viwashi vinavyorusha cheche ndani ya injini, zikazisugua kwa msasa na kuzirudisha. Kila mara gari lilikwenda vizuri siku tatu.

Euphrasie alijua gari ni la nani kabla ya kuona namba. Papa Gaston alikuwa na mashimo ya dhahabu upande wa Mwenga, na Mardochée, mdogo wake Euphrasie, alichimba katika mojawapo. Miezi mitano iliyopita shimo hilo lilibomoka. Papa Gaston alisema halikuwa na mtu. Wachimbaji wote saba, alisema, walikuwa wameondoka siku moja kabla, kwenda Shabunda kutafuta bahati nyingine. Alileta hata karatasi yenye muhuri. Basi simu ya Mardochée ikawa haipatikani, na mama yao akawa hawezi kulia. Majirani walikuwa tayari kuja kukaa nao, lakini huwezi kumwekea matanga mtu ambaye karatasi inasema yuko Shabunda. Mama alishinda mlangoni bila kilio na bila habari. Euphrasie alijua moyoni mwake, ila neno lenyewe hakuwahi kulitamka mbele ya mtu yeyote.

Fundi mmoja alikuwa ameshika msasa tayari. Euphrasie alimwomba kwa sauti ndogo auweke chini. Chuoni alifundishwa kwamba buji husomwa kwanza, kwa sababu ukiisugua kabla ya kuisoma umefuta barua ambayo hujajua imetoka kwa nani.

Alizifungua moja moja na kuzilaza juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Buji yenye afya ina ncha ya rangi ya chai ya maziwa. Kama moja tu ingekuwa nyeusi, angetafuta kosa kwenye silinda hiyo peke yake. Kama zingekuwa zinang'aa kwa unyevu, angejua oili inapanda. Hizi zote nne zilikuwa nyeusi kavu, na masizi yalishika kidole kama ya chini ya sufuria. Cheche zilikuwa zinapotelea ndani ya masizi badala ya kuruka. Maana yake ni moja: esansi imezidi hewa.

Akaanza na esansi. Msukumo wa pampu ulikuwa sawa. Sindano za kunyunyizia esansi hazikuvuja. Akahamia upande wa hewa. Chujio lilikuwa jipya. Kipima-hewa kilikuwa safi. Kilihesabu hewa iliyopita, na kompyuta ikatuma esansi ya kulingana nayo, bila kosa. Lakini kati ya kipima-hewa na injini, hewa ilipungua. Bomba halikuwa na tundu, na hata lingekuwa nalo, tundu lingeongeza hewa.

Katikati ya bomba hilo kuna kijisanduku cha plastiki cha kupunguza mngurumo. Euphrasie aliweka kiganja juu yake. Kilikuwa kinapanda na kushuka. Akafungua vifungo vyake, akainua kifuniko.

Ndani walikaa wanaume saba. Walikuwa wamebanana kama watu wanaojikinga mvua, magoti kifuani, na walikuwa wa ukubwa wa kawaida. Kijisanduku ndicho kilichowatosha. Udongo mwekundu ulikuwa umewafika kwenye nyusi. Walipumua kwa zamu, watatu wakivuta, wanne wakisubiri. Mardochée alikuwa karibu na mdomo wa bomba.

“Yaya,” alimwita dada yake, “usifunge mbio.”

Alimweleza polepole, kwa kuwa zamu yake ya kupumua ilikuwa fupi. Asubuhi ya siku shimo lilipobomoka, Papa Gaston alikuwa amehamisha mashine ya kusukuma hewa, akaipeleka kwenye shimo jingine lililokuwa linatoa vizuri zaidi. Kisha akasimama mdomoni mwa shimo na kuwaita kwa majina, mmoja mmoja, wakashuka. Ardhi ilipojifunga, hewa ikaisha. Juu yao injini ya Prado ilikuwa inanguruma na kuvuta hewa, nao wakaufuata mlio.

Papa Ramazani alikuja na kikombe chake mkononi, akainama, akawasalimu, akawahesabu kwa kidole. Alisema jambo la namna hii aliliona Uvira wakati wa marehemu baba yake, walipofungua radieta ya lori la samaki wakakuta wavuvi wawili. Wale walitoka wenyewe walipopewa taulo. Mmoja wa mafundi aliwauliza hawa kama wangekunywa chai. Walishukuru, wakasema hawana kiu.

Euphrasie aliwasihi watoke. Uwanja mzima ulikuwa na hewa, na upepo wa ziwa ulikuwa unapanda. Aliyejibu ni mkubwa wao, mzee mmoja kutoka Walungu mwenye ndevu zilizojaa kokoto.

“Papa Gaston njo alituita tuingie,” alisema. “Atuite tutoke.”

Wengine sita walitikisa vichwa kukubali, kwa kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Papa Gaston alifika saa sita mchana kwa pikipiki, viatu vyake vikiwa safi. Alichungulia ndani ya kijisanduku kwa muda. Hakuuliza ni akina nani. Aliuliza kazi itachukua saa ngapi. Euphrasie, macho yake kwenye buji, alimweleza kwamba hakuna kilichovunjika. Akiwaita hao watu kwa majina, kama siku ile, hapo mbele ya wote, kijisanduku kitabaki kitupu na buji zitawaka safi.

Papa Gaston alisema hakuna jina analolijua hapo.

“Langu ulilichekaka,” Mardochée alimkumbusha kutoka ndani. “Ulisema ni refu kupita shimo.”

Papa Gaston aliuliza buji mpya zinadumu muda gani katika hali kama hiyo. Euphrasie alisema wiki mbili, labda tatu. Akatumwa Chrispin kununua buji arobaini.

Euphrasie alifunga nne. Alizikaza kwanza kwa vidole, kisha kwa spana, taratibu, kama alivyofundishwa. Kifuniko alikirudisha, lakini aliacha mwanya mwembamba upande wa Mardochée.

Katika gereji ya Papa Ramazani, gari halirudi kwa mwenyewe kabla sababu ya ubovu haijaandikwa na kusomwa kwa sauti mbele yake, mafundi wote wakisikia, ili kesho asije akasema hakuambiwa. Siku zote Euphrasie ndiye aliyeandika. Kwa kuwa sauti yake haikufika mbali, Papa Ramazani ndiye aliyekuwa akisoma.

“Andika esansi mubaya,” Papa Gaston alimwelekeza. “Ile ya kununua njiani mu vibidoni vya plastiki.” Akaongeza, kwa upole, kwamba ana rafiki katika ofisi inayotoa vibali vya gereji.

Papa Ramazani alimsikia. Akamrudishia Euphrasie karatasi aliyokuwa amekwisha kuiandika, miwani yake ikiwa juu ya pua.

“Leo macho yangu haione, mutoto. Soma wewe.”

Alisoma. Karatasi ilisema hivi: buji nne, masizi makavu, esansi ni nzuri, hewa inapumuliwa na watu saba.

“Hakuna watu,” Papa Gaston alisema. “Wale walienda Shabunda.”

Akaingia garini na kuliweka sanduku la buji magotini. Chrispin, bila kumtazama mtu, aliwasha. Injini ilinguruma vizuri, na moshi ulianza kuwa wa kijivu, kisha mweusi. Maneno ya karatasi yalikuwa yamekwisha. Euphrasie aliikunja, akasogea mpaka kwenye dirisha, akapaza sauti juu ya ile ya injini, hata watu waliokuwa wanapita barabarani wakasimama.

“Mudogo wangu Mardochée alikufa mu shimo yako, Papa Gaston. Haiko Shabunda. Ulimuita jina, akashuka, ukamuacha bila hewa. Leo tunaweka matanga kwetu Bagira, na mutu akiuliza alikufia wapi, nitamuambia.”