Moto wa kwa Dorotea

Baada ya kuganduka, siku ile ndugu na majirani wanapokusanyika kumaliza matanga, watu hawakukanyaga tena kwa Dorotea. Emiliana aliliona hilo kwa macho yake, maana nyumba ya wifi yake ilikuwa juu kidogo ya shamba lake la maharage, na njia ya kwendea huko ilikuwa imeanza kuota majani. Fredi, mumewe Dorotea na kaka yake Emiliana, alilala kaburini nyuma ya migomba. Dorotea alibaki na meko baridi. Siku nyingine alikula viazi vya jana, siku nyingine hakula.

"Maharage yakishavunwa naenda zangu Kasulu, Tanzania," alimwambia Emiliana. "Nilizaliwa kambi ya wakimbizi, nikakulia kule. Hapa Gasorwe nilikuwa na mtu mmoja tu."

Emiliana aligeukia migomba. Dorotea akiondoka, nani mwingine angemkumbuka Fredi pamoja naye? Nani angekumbuka kile kikohozi chake cha kujitangaza kabla ya kuingia ndani, na jinsi alivyoimba besi hata mahali ambapo wimbo haukuihitaji?

Emiliana alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na kwa sababu hiyo Mchungaji Nazario alikuwa amemtuma Gitega, kwenye semina ya namna mpya za kuhudumu, mtaa wa Musinzira. Mwalimu wao alikuwa Efrazia, mama mfupi mwenye sauti ya chini, aliyesomea tabia za watu. Alisema kanisa hukimbilia kuhubiri kila mtu anaposhindwa kutenda, wakati mara nyingi moyo wake ulishakubali zamani. Kuna kitu kidogo tu njiani kinachomzuia. Jaribuni jambo dogo, alisema, mtazame, mrekebishe. Akatoa na mfano: aliyetamka ahadi mbele ya wenzake huitimiza zaidi kuliko aliyekaa nayo moyoni.

Emiliana aliushika mfano huo kwa mikono miwili. Jumapili iliyofuata aliomba kila atakayemtembelea Dorotea asimame na kutaja siku yake. Kanisa zima lilisimama. Dorotea mwenyewe alikuwa benchi la nyuma, akiwasikiliza wakigawana siku zake.

Wiki ile alifagia uwanja kila asubuhi. Hakuja mtu. Na Jumapili, wale waliotamka kwa sauti kubwa zaidi hawakuonekana hata kanisani. Dorotea akaanza kufunga mizigo, sufuria kubwa ikatangulia.

Emiliana alimpigia Efrazia simu. "Nimewaharibia, mwalimu. Sasa wanaona aibu hata kusali."

"Uliwauliza kwa nini hawakwenda?"

"Wanasema wamebanwa na kazi."

"Hivyo kila mtu husema, dada yangu. Waulize siku waliyokaribia kwenda. Walifika wapi?"

Alianza na Venansi, jirani wa bondeni, aliyekuwa akikanyaga udongo wa matofali.

"Mi nilienda," alisema Venansi. "We unaniona mtu wa uongo? Nilifika mpaka kwenye mikaratusi, nikasimama kama mbuzi amefungwa, nikarudi."

"Kwa nini?"

Alimnyooshea viganja vyenye udongo. "Hapa unaona iko nini?"

"Hakuna kitu."

"Voilà, ndiyo hivyo. Mi naingia kwa mjane nikitikisa mikono kama mtu wa kodi? Baba yangu alikuwa anabeba kibuyu cha pombe. Sisi tumeokoka, pombe tumeacha, ni sawa. Lakini pale kibuyu kilikuwa, kanisa iliweka nini?"

Emiliana alirudi nyumbani polepole. Ni nani anayeweza kuingia kwa mtu mikono mitupu asione haya? Jibu alilikuta mekoni kwake, alipoinama kupuliza makaa. Ni mwenye kuomba. Anayekuja na kigae kuomba kaa la moto haulizwi ameleta nini, na kumnyima ni kumtangazia uadui.

Asubuhi alipitia kwanza kwa Venansi, kisha akampelekea Dorotea makaa, akawasha nayo moto mekoni bila kuomba ruhusa.

"Huu utaulinda," alisema. "Jioni kuna mtu atakuja kuomba moto."

"Kwangu mimi? Mtu wa kuondoka?"

"Hujaondoka bado, wifi. Jirani akikosa moto kwako, aibu ni yangu."

Jioni Venansi alifika na kigae. "Mama, mi naomba moto."

"Kiberiti chako kimefanya nini?"

"Kimelowa na mvua."

Dorotea aliinua macho. Kiangazi kilikuwa kimeshika kweli, vumbi mpaka kwenye migomba. "Mvua ya wapi, baba?"

"Ya Muyinga mjini. Nilipita huko juzi."

Dorotea alicheka, kicheko kifupi, kisha akaziba mdomo kama aliyekamatwa akiiba. Kuni zilikuwa hazijawa makaa, ikabidi Venansi akae angoje. Wakamzungumzia Fredi. Kesho yake alikuja mwingine, akangoja naye. Wapo waliokuja mara moja wasirudi, na wapo ambao hawakuja kabisa.

Maharage yalivunwa. Siku ya safari Emiliana alipanda kilima asubuhi kumsindikiza wifi yake hadi Muyinga, akapande gari la kwenda mpakani. Alikuta mzigo umefunguliwa, na sufuria kubwa iko mekoni, maharage mapya yanatokota.

"Mnaniona mtoto?" alisema Dorotea bila kugeuka. "Kilima kizima kimeishiwa viberiti kwa pamoja?"

Emiliana alitazama miguu yake. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mvua ya Muyinga."

"Umekasirika?"

Dorotea alikoroga sufuria. "Kuni zangu zimekwisha. Waambie, anayekuja kuomba moto aje na kijiti cha kuni. Hicho nacho si cha kubeba?"

"Na Kasulu?"

"Kasulu iko palepale. Mtu akija jioni akute meko baridi, nitamwambia nini?"

Uwanjani mtu akakohoa, kikohozi cha kujitangaza kama kile cha Fredi. Wanawake wote wawili wakageukia mlango, mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Kisha sauti ya Venansi ikabisha hodi, na Dorotea akasogeza kigoda karibu na moto.