Miti Iliyozuia Mtandao

Mgeni mmoja, mmoja tu, aliandika kwamba kambi yetu ni nzuri lakini intaneti yake inajikokota, basi mdogo wangu akakosa usingizi. Kambi hii ya mahema tuliachiwa na mama, mbali kabisa na mji. Mimi niko jikoni, yeye ofisini, ndiyo maana tunamwita Meneja. Watu husafiri siku nzima kuja kulala chini ya miti yetu. Sasa mtu akimbie kelele za mjini, halafu alalamike kwamba hazimfikii! Mimi nilicheka. Meneja hakucheka.

Akaita fundi wa kampuni ya intaneti. Fundi alipanda juu ya paa la ofisi, akatazama mnara wao kule kilimani, akashuka akijikuna kichwa.

"Miti inakinga. Dishi lazima lione mnara. Nunueni nguzo ndefu tuliinue."

Akataja bei ya nguzo. Nikashika kiuno. Kwa pesa ile ningebadilisha mahema yote, na hapo bado ada ya kila mwezi.

"Mjini nao wanalipa hivyo?"

"Mjini ni nusu, mama. Huku mko wachache."

Yaani tunatozwa faini kwa kukaa mbali! Nikamwambia Meneja tutabaki hivyohivyo, nikarudi kwenye masufuria yangu nikidhani mjadala umekwisha.

Kumbe alikuwa ananisubiri niende sokoni. Niliporudi, nililiona paa la ofisi nikiwa bado barabarani, na paa lile halikuwahi kuonekana kutoka barabarani. Kikapu kilinidondoka.

Miti yetu yote ilikuwa imelala chini. Mama aliipanda kiwanja kikiwa kitupu, akaikuza kwa maji aliyooshea vyombo, maana maji safi aliyabeba kichwani. Meneja alisimama katikati ya magogo, simu mkononi, meno yote nje.

"Dada, ona kasi! Na nguzo hatununui tena. Nimepunguza gharama."

"Umepunguza nini?"

"Gharama, dada. Na kuni tumepata."

Nilikaa juu ya gogo nikalia kwa hasira, mbele yake, bila kujificha.

Wageni waliofuata walikuwa baba, mama na watoto. Jua liliwatwanga. Walihamisha hema mara ukutani kwa ofisi, mara nyuma ya vyoo, mwisho wakafunga mizigo.

"Intaneti yenu safi sana," yule baba alimwambia Meneja kwa adabu. "Ila sisi tulifuata kivuli."

Gari lao halijafika getini, simu ya Meneja ikalia. Walikuwa wameshaandika: msije huku, hakuna mti. Picha ilifunguka papo hapo, kila kisiki kikionekana vizuri.

Meneja alinigeukia kama alivyozoea tangu utotoni.

"Dada, tufanyeje?"

Nikaingia jikoni, nikachukua ndoo ya maji niliyooshea vyombo, nikamkabidhi.

"Anza na kisiki kile pale," nikamwambia. "Kesho utarudi tena."